Wiki 3 ndani ya vani, mtoto wa miaka 3, na kamba inayotaka mikono yote

Shikamoo Shangazi,

Naandika saa hii mtoto kalala, mume wangu yuko sebuleni anapanga kamba na karabina (zile pete za chuma za kunasia kamba) sakafuni kama tunaondoka kesho asubuhi, kumbe bado miezi miwili. Naomba usinicheke.

Mi na mume wangu tulikutana ukutani. Sio ukuta wa fesibuku, ukuta wa kupanda, ule wa ndani wenye vishikio vya rangi rangi, siku hiyo mtu wa kunishikia kamba hakutokea basi yeye akajitolea na mambo yakaanzia hapo. Kabla ya mtoto kila likizo yetu ilikuwa miamba, tunalala kwenye hema, tunaamka tunapanda, tunarudi vidole vimechubuka na furaha tele. Alafu binti yetu akaja, sasa ana miaka 3 na miezi kadhaa, na katika miaka yote hiyo mi nimegusa mwamba wa kweli mara 4. Nne Shangazi, nimezihesabu. Yeye akialikwa na wenzake anaenda, mi nabaki, sijui hata ilianzaje, ilijikuta tu iko hivo.

Sasa tumenunua vani ya zamani tukaigeuza ya kulala, ina kitanda cha kukunja, jiko, mtungi wa gesi na benchi refu la pembeni. Mpango ni wiki 3, sisi watatu, tunahama kutoka mwamba mmoja hadi mwingine. Nilifurahi jamani usipime. Mpaka nikaona daftari lake. Kaandika njia 34 anazotaka kupanda na zote ni za kamba. Nikamuuliza mtoto atakuwa wapi muda huo wote, akasema "si atakuwa anacheza hapo chini".

Na hapo chini ndo shida yenyewe. Mwezi uliopita tulijaribu siku moja tu, yeye anapanda mi nimeshika kamba, mtoto yuko nyuma yangu anachezea vijiwe, nasikia kabisa vikigongana. Mume wangu kashapita boliti ya 4 (vile vyuma vilivyotobolewa mwambani vya kunasia kamba), kamba iko juu huko, alafu nikagundua sisikii tena vijiwe. Nikageuza shingo, namuona mtoto yuko mbali anaelekea kwenye njia inayoshuka korongoni, anatembea zake na wala hana haraka. Nikapiga kelele, mume wangu huko juu anajibu "usiachie kamba!" na kweli siwezi kuachia, nikibandua mkono pale namuua baba yake. Nikaanza kumuita mtoto kwa sauti tamu, ile ya kana kwamba nina zawadi, huku magoti yanagonga. Akarudi mwenyewe. Mume wangu akamalizia njia (akamalizia!) ndo akashuka. Tukafunga vitu kimya kimya. Mpaka leo anasema mbona hakuna kilichotokea, mi usiku naiota ile njia ya korongoni.

Baada ya hapo kaja na suluhisho, tumfunge mtoto kwenye mti kwa kamba ndefu akiwa amevaa hanesi (ile mikanda ya mwilini ya kupandia), awe huru kuzunguka. Hanesi kashanunua, hii ya kiunoni kama zetu ila saizi ndogo kabisa, tumeikaza mpaka mwisho na bado inamshuka. Kiti cha gari cha mtoto kakifunga kwenye lile benchi la pembeni maana kuna mkanda pale na mtoto anaona dirisha vizuri.

Mama mkwe anasema tumechanganyikiwa, mtoto sio begi. Rafiki yangu anasema watoto wanazoea kila kitu nisijipe presha. Dada yangu kasema tumuachie mtoto yeye hizo wiki 3 ila mi moyo unakataa, na mume wangu anakataa pia, anasema lengo zima ni kwenda naye. Hapo kwa kweli tunakubaliana.

Naomba uniambie ukweli, mtoto ni mdogo mno? Au mi nimekuwa muoga? Na lingine naona hata aibu kulisema, na mi nataka kupanda. Sio kushika kamba tu. Nataka kupanda.

Mama mwenye kamba mkononi

*

Marahaba mwanangu,

Sijakucheka, labda kidogo tu pale kwenye ukuta.

Tuanzie siku ile ya vijiwe. Mumeo anasema hakuna kilichotokea. Kilitokea. Kilichotokea ni kwamba mlikuwa watu wazima wawili, mmoja yuko kwenye kamba na mwingine kaishika hiyo kamba, na mtoto hakuwa na mtu. Ni hesabu ya kawaida, wala haihusiani na uoga wako. Anayeshika kamba kazi yake ni moja, macho juu mkono kwenye kamba, na hata mkiwa na kile kifaa kinachojibana chenyewe (najua atakwambia hilo) bado mkono hautoki upande wa breki, hata wanaovitengeneza wanasema hivyo hivyo kwenye maelezo yao. Mtoto wa miaka 3 naye anataka mtu mzima ambaye kazi yake ni yeye tu. Kazi mbili, mtu mmoja, ukiifanya moja vizuri nyingine imekufa. Siku ile ulichagua kamba na ulichagua sawa, ila hukupaswa kuwekwa mahali pa kuchagua.

Kwa hiyo kwangu mimi jibu liko wazi, mkiwa nyie wawili na mtoto, kamba inabaki kwenye vani. Zote 34. Mpe pole.

Na huo mti, hapana. Kwanza mtoto aliyefungwa anazunguka, kamba inamzunguka na yeye, mguu, mkono, shingo, na wewe mgongo umempa. Pili likishuka jiwe au nyuki wakija, yeye ndo pekee hapo asiyeweza kukimbia. Najua wapo wanaofanya na watoto wao wako salama, mi nasema tu kwamba kumfunga kunazuia asiende korongoni ila hakumpi mtu wa kumuangalia, na alichokikosa siku ile ni mtu.

Sasa usikate tamaa maana zipo njia mbili nzuri tu.

Ya kwanza ni mawe. Kupanda mawe mafupi bila kamba, na magodoro ya kuangukia chini. Hapo anapanda mmoja, mwingine yuko huru na mtoto, mkichoka mnabadilishana, hakuna aliyening'inia kwenye maisha ya mwenzake. Kuna sehemu zinapendwa na familia kwa sababu hiyo hiyo, Fontainebleau kule Ufaransa kusini mwa Paris ni msitu wenye mawe yaliyotawanyika juu ya mchanga, njia zimewekwa alama za rangi kufuata ugumu na zipo fupi za watoto, Castle Hill kule New Zealand nako ni mawe ya chokaa katikati ya majani, unamuona mtoto kutoka mbali. Sio lazima muende huko, nakutajia ujue sura ya mahali mnapotafuta. Chini pawe tambarare, hakuna ukingo, hakuna mto karibu, na kutoka gari lilipo mpaka kwenye mawe iwe ni kutembea kidogo tu. Kitabu cha njia kikisema dakika 20 na mtoto huyo anaokota kila kijiti, hesabu saa nzima, au awe kwenye begi la kubebea mgongoni.

Ila hata mawe yana mtego wake. Kwa kawaida mtu akipanda jiwe mwenzake anasimama nyuma na mikono juu amuelekeze anapoanguka. Nyie hamna huyo mtu, huyo ndo yuko na mtoto. Basi chagueni mafupi, ya kuruka na kutua kwa miguu, yale marefu ya kutisha acheni. Na godoro kwa macho ya mtoto ni trampolini bwana, atalikimbilia hasa pale baba yake anapotaka kuanguka, na mtu mzima akimwangukia mtoto mdogo sihitaji kukuelezea. Mwekeeni sheria moja ambayo haibadiliki, mtu akiwa juu ya jiwe godoro halikanyagwi, mtu akishuka ruka unavyotaka. Watoto wa umri huo wanaweza sheria moja. Wakipewa tano hawashiki hata moja.

Njia ya pili ni mtu wa tatu. Na hapa nashangaa mwanangu, dada yako kajitolea kukaa na mtoto wiki 3 nzima, mbona hamjamwambia aje? Hata wiki moja ya katikati. Awe na hema lake nje ya vani, apate mapumziko yake siku zake, sio aje kuwa yaya. Siku mbili tatu hizo yeye akiwa na mtoto ndo kamba itoke. Au mkutane huko na familia nyingine yenye mtoto, watu wazima wanne, wawili kamba wawili watoto. Lakini niamini mimi, penye watu wazima wengi ndo watoto hupotea, maana kila mtu anadhani yupo mwingine anayeangalia. Kabla mtu hajafunga fundo iulizwe kwa sauti, "nani ana mtoto?", na mtu ajibu kwa jina lake, mimi. Asipojibu mtu, hakuna anayepanda. Mtaona kama mchezo siku ya kwanza.

Na hata akiwa na mtu wake, mtoto hakai chini ya mwamba wa kamba. Anakaa pembeni na mbali. Mawe huangushwa na wapandaji, na kamba ikivutwa, na ndege, na mbuzi aliyeko juu ambaye hamumjui. Nyote mvae helmeti mkiwa karibu na mwamba, na yake iwe ya kupanda, ile ya baiskeli haikutengenezwa kwa jiwe linalotoka juu. Sehemu ambayo msingi wake ni ukingo mwembamba basi sio ya mtoto, hata hiyo njia ingekuwa tamu vipi.

Sasa vani, na hapa ndo ungenisikia napandisha sauti. Kile kiti cha mtoto kwenye benchi la pembeni kitoeni leo. Viti vya watoto vimeundwa kufungwa kwenye siti inayotazama mbele au nyuma ya gari, siti inayotazama ubavu haifai kabisa, gari likigonga mwili unatupwa kiupande na mkanda hauna la kufanya. Tafuteni siti inayotazama mbele yenye mkanda wa pointi tatu au zile ndoano za ISOFIX za kunasia kiti cha mtoto kwenye siti, na kama kiti chake bado kinamtosha akiwa ametazama nyuma basi aendelee kutazama nyuma, ni salama zaidi. Ikiwa siti pekee ni ile ya mbele karibu na dereva, kiti kinachotazama nyuma hakiwekwi pale kama mfuko wa hewa wa dashibodi haujazimwa, hilo halina mjadala. Na ikiwa hamna siti yoyote inayofaa basi vani haijawa tayari kwa mtoto, mfungeni siti kwa fundi anayejua hiyo kazi au badilisheni gari. Na dada akija naye anataka siti yenye mkanda, hakuna kulala kitandani gari likitembea. Kila kitu kizito kifungwe, maana karabina moja ikiruka kutoka kwenye rafu ni jiwe.

Gesi fungeni kwenye mtungi mkiwa mnaendesha. Mkipika fungueni dirisha na tundu la juu. Kamwe msiwashe jiko ili kupata joto usiku, kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, watu wanalala na hawaamki, nunueni kengele yake, ni kadude kadogo tu, kabandikeni kulingana na maelezo yake na mkajaribu kabla ya kuondoka. Na mchana wa jua mtoto asiachwe ndani ya vani iliyofungwa hata kwa dakika chache, hata kama kalala vizuri na nyie mko hapo mnaona gari. Joto la ndani linapanda haraka kuliko unavyodhani na mwili wa mtoto unapata moto haraka kuliko wenu. Akilala mchana mtu analala naye au anakaa mlangoni na milango wazi. Huyo asiyelala naye basi ndo anapanda mawe, mnaona mambo yanavyopangika?

Kuhusu usingizi wenyewe nikuibie siri. Vani ina chumba kimoja. Mtoto akilala saa 2 usiku na nyie mmelala, au mmekaa gizani mnanong'ona na taa moja ndogo, na mkicheka anaamka. Usiku wa kwanza ni mapenzi, usiku wa tano ni ugomvi. Pelekeni viti viwili vya kukunja vya kukaa nje, na turubai la kuvuta ubavuni, siku za mvua litawaokolea ndoa. Na kabla ya hizo wiki 3 lalani humo usiku mmoja gari likiwa nyumbani, alafu siku mbili mahali pa karibu. Mtajua mengi, kwa mfano kwamba pampasi za usiku zinanuka na hazizikwi ardhini, zinafungwa mfukoni na kurudi na nyie mpaka penye pipa.

Umri sasa. Miaka 3 sio midogo mno kwa safari, ni mdogo kwa ratiba. Huyo hatajua amefika mwamba gani. Atapanda mita moja na nusu, atasema shuka, ataenda kuangalia sisimizi kwa nusu saa. Akisema shuka mshusheni hapo hapo bila kumbembeleza "kidogo tu mama, kimoja cha mwisho", ukimbembeleza leo kesho hagusi. Hesabu vizuri hizo siku 21, toa siku za kuendesha (na msiendeshe zaidi ya masaa mawili bila kusimama, ondokeni saa yake ya kulala), toa mvua, toa siku atakayoamka na homa, toa siku za kupumzika, zikibaki siku 8 za kupanda mmebarikiwa. Nane, na nusu siku kila mmoja. Sasa rudi uangalie njia 34.

Na hapo nafika kwenye lile uliloliona aibu, ukaliweka mwisho kabisa wa barua. Mwanangu, ungeliweka mwanzo. Mara 4 kwa miaka 3. Hilo daftari ni la nani? Umeniambia "njia anazotaka". Zako ziko ngapi humo? Nadhani hata hajui kama huna, umesema mwenyewe ilijikuta tu iko hivo, na yeye haikumuuma ndo maana hakuiona. Simtetei. Ila usimwendee na korongo mkononi kila siku, ukisema "unataka kumuua mtoto" atajitetea na mtazungukia hapo hapo. Mwambie sentensi uliyoniambia mimi, nataka kupanda, sio kushika kamba tu. Alafu fungueni daftari jipya, upande mmoja wako upande mmoja wake, asubuhi zenye ubaridi ambapo mwamba unashika vizuri zigawanywe sawa, leo zako kesho zake. Asubuhi yako iwe yako kweli, asije kukuuliza soksi za mtoto ziko wapi ukiwa na vidole kwenye kishikio.

Akisema bila kamba sio kupanda, muulize yuko tayari kushika yeye kamba huku mtoto yuko nyuma yake, alafu wewe ndo uko juu ya boliti ya 4. Usimjibu chochote baada ya hapo, nenda kaoshe vyombo.

Mama mkwe muache kidogo. Mtoto kweli sio begi, kasema sawa, ila hajasema msiende, au kasema? Mwonyesheni siti mpya ikishafungwa na ile kengele ya gesi, bibi anayeona vitu kwa macho hupoa kuliko anayeambiwa "tutakuwa makini".

Na hiyo hanesi rudisheni dukani wiki hii kabla risiti haijapotea. Mtoto wa umri huo hana nyonga za kuishikilia na kichwa chake ni kizito kulinganisha na mwili, akining'inia anapinduka kichwa chini na anaweza kuchomoka kabisa. Wanatumia ile ya mwili mzima, yenye mikanda ya mabegani, fundo linafungwa kifuani, zimeandikwa kwamba ni za watoto mpaka kilo 40. Mpeleke dukani aijaribu mwenyewe, mninginize pale kidogo, akicheka ndo hiyo hiyo.

Shangazi